Weusi wa Ndani ya Sufuria

Mama,

Nakuandikia kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la maandalio ya masomo, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, na nikingoja karatasi nzuri nitaishiwa na ujasiri. Leo ni Jumapili. Jana asubuhi Rajabu wako alifunga mizigo kwenye pikipiki akarudi Bafwasende, na mimi dada yake wa tumbo moja hakuniaga. Majirani aliwaaga. Hata yule paka wako mwizi aliagwa. Nimekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango wa jikoni, sufuria yako kubwa iko mbele yangu, nami nina jambo la kuungama na jingine la kukuuliza. Nianze na la kuungama.

Niliisugua sufuria yako. Ndani.

Najua. Ningekuwa mtoto ungenikamata sikio. Mara moja ulinikamata kweli, unakumbuka? Nilikuwa na miaka kumi, nimetoka kujifunza kwa jirani jinsi ya kung'arisha vyombo kwa majivu na mchanga wa mtoni, na nilitaka kukufurahisha. Nikazitoa sufuria zote uani. Ulipoona mkono wangu umeingia ndani ya ile kubwa, ulinichapa kofi, kofi la kwanza na la mwisho kutoka kwako, halafu ukakaa chini pale pale kwenye maji machafu, ukawa unaangalia alama niliyoiacha, mng'ao mdogo upana wa kiganja. Ukasema, "Inje sugua vile unapenda. Ndani, acha vile iko. Ile haina uchafu, ile njo nguo yake." Siku tatu mfululizo ulipika humo uji wa muhogo usio na chumvi, tukaunywa mpaka Rajabu akalia. Nilidhani unaniadhibu.

Tangu siku hiyo nilisugua nje tu. Lakini moyoni, nisamehe, nilikuona mvivu. Wanawake wa mtaa wetu wa Mangobo walianika sufuria zao zinang'aa ndani na nje, mpaka mtu anafumba macho akipita, na yetu ilikuwa nyeupe nje na ndani nyeusi kama kisima. Wageni wakija niliifunika.

Sasa cheka, maana kucheka ni haki yako. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi wangu kule Kabondo nikiwaeleza kwamba alumini ni metali yenye haya. Haipendi kukaa uchi. Hewa ikiigusa tu, inajivika utando wa oksidi, mwembamba hata jicho haliuoni. Chuma kikishika kutu, kutu hubanduka na kukiacha kiliwe tena. Utando wa alumini haubanduki hivyo. Unashikamana na mwili wake, unaulinda, na ukichemshiwa maji siku baada ya siku unanenepa na kuwa mweusi. Adui wake ni chumvi. Chumvi haishambulii ukuta mzima. Inatafuta mahali utando ulipo dhaifu, inaingia hapo hapo, inachimba. Watoto hawaamini mpaka waone, kwa hiyo naweka vifuniko viwili vya sufuria kwenye maji ya chumvi dirishani, kimoja nimekichemsha wiki nzima, kingine nimekisugua kwa majivu. Siku zikipita, kile cha pili kinaota madoa meupe kama unga, na chini ya madoa hayo kuna vishimo.

Somo hilo nililifundisha Jumanne moja. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo ilikuwa arobaini yako.

Watu walijaa, Mama. Ungefurahi, kisha ungenong'ona kwamba wali haukuiva vizuri, na kweli haukuiva. Baada ya kisomo na chakula wanawake walikaa uani kuosha vyombo. Shangazi, dada yake Papa, alikuwa amefika kutoka Kindu, na unaujua ulimi wake. Aliinyanyua sufuria yako mbele ya wote, akachungulia ndani, akasema, "Bon. Ndugu yangu alitengeneza kitu muzuri, muangalie namna walichunga." Hakukutaja jina, wala hakuhitaji. Wanawake wakainamia vyombo vyao.

Ningemjibu siku ile, leo nisingekuwa naandika barua hii. Sikumjibu. Nilichukua majivu, nikachukua mchanga, nikapiga magoti. Nilisugua mpaka kucha zikauma, mpaka weusi wote wa miaka ile ukateremka mferejini. Vifuniko vyangu vya dirishani havikunijia akilini. Haki ya Mungu, Mama, havikunijia. Nilichofikiria ni kwamba umesemwa na hupo kujitetea. Sufuria ilipong'aa, shangazi alipiga makofi akasema, "Sasa mama yenu anaweza kulala muzuri." Na mimi nikajivuna.

Kesho yake Rajabu alipiga simu. Unajua kwamba hakuwahi kukuzika. Sisi hatuchelewi kuzika, na barabara ya Bafwasende wakati ule ilikuwa matope matupu. Alipofika mahali malori yalipokwama, wewe ulikuwa umeshaingia ardhini, akageuza pikipiki akalia njia nzima. Kwenye simu aliniita kama ulivyomfundisha kumwita dada yake mkubwa, akasema, "Yaya, siku nitakuja sitaki kitu ingine. Makayabo tu, mu marmite ya Mama." Nikamwambia sufuria ipo, inamngoja. Haukuwa uongo. Ilikuwepo.

Kosa la pili lilikuwa la uchovu, na kwa hilo shangazi hakunisukuma. Wewe ulikuwa ukiloweka makayabo kwenye beseni la plastiki, unabadilisha maji mara tatu, na ni baada ya samaki kutoka chumvi ndipo alipoingia kwenye sufuria. Mimi hurudi kutoka Kabondo miguu imevimba. Nikawa namloweka samaki moja kwa moja ndani ya sufuria, tangu magharibi mpaka alfajiri, ili asubuhi nibandike tu. Wiki baada ya wiki. Sufuria uchi na maji ya chumvi! Madoa meupe yalianza kitakoni. Niliyaona, nikajiambia ni unga wa muhogo umeganda. Kisha siku moja makaa ya mbabula yakaanza kunong'ona, tss, tss, yanazima upande mmoja. Nikainyanyua sufuria nikaona tone linaning'inia chini yake.

Nililia siku ile kuliko siku ya maziko yako. Siku ya maziko nilikuwa na wageni wa kuhudumia.

Nikaibeba mpaka kwa Tonton Shabani. Kibanda ambamo yeye na Papa walimimina sufuria bado kipo, pistoni na vipande vya injini vimerundikana vile vile vikingoja kuyeyushwa, ila macho ya Tonton yamefifia, na sasa anamimina sufuria chache kwa mwezi. Aliishika yako akaipapasa kwa kidole gumba mpaka akalifikia tundu. Nilijua atasema, ilete tuiyeyushe, nitakumiminia mpya. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Imekumbuka," alisema. "Nilijua siku moja itakumbuka."

Siri ya mtungi muulize kata, nami miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Tonton akaniketisha akanieleza. Kumbe nilikuwa bado mgongoni mwako. Papa alikuwa ndio kwanza ameanza kujitegemea, amemimina sufuria hii na kumwuzia mama mmoja. Siku ya pili yule mama akairudisha hapa nyumbani, inavuja kitakoni, kwa sababu mchanga wa kalibu ulikuwa na unyevu na mvuke ukabaki ndani ya alumini. Ilikuwa Ijumaa, Papa yuko msikitini. Nawe ulikuwa na sufuria ya kalibu ile ile, umeificha chini ya kitanda kwa ajili ya sikukuu, haijaonja moto. Ukampa yule mama akaenda zake. Mbovu ukaitia chini ya kitanda mahali pake, Papa asijue imebadilishwa. Tonton alikuwa amekuja kuazima koleo, akaona yote mlangoni, na ukamwapisha.

"Aliniambia, Shabani, huyu njo anaanza kazi. Akijua imerudi, roho yake itavunjika." Ndivyo alivyosema Tonton, akitazama moto. "Akapika uji ndani mwezi muzima. Moto kidogo, bila chumvi, bila ndimu, bila kusugua. Uji ukaziba, nguo ikaota juu yake. Mama yako hakusoma chimie, hein?"

Papa alikufa hajui. Unakumbuka alivyokuwa akijigamba? "Marmite yangu hata moja haijarudi!" Kila mgeni aliyekaa kula aliisikia, na ili athibitishe Papa aliigonga kwa kijiko sufuria hii hii, hii mbele yangu, isikike inavyolia. Nawe uko hapo hapo, unapakua, unasema, "Muache mugeni akule." Nahesabu moyoni ni mara ngapi, nashindwa. Na mlipogombana, maana mligombana kweli, siku ile alipokuambia mbele yetu kwamba hujui lolote nje ya jiko, ulikuwa na neno moja la kumnyamazisha maisha yake yote. Hukulisema. Uliinuka ukaenda kuchota maji.

Hilo ndilo swali langu, Mama. Ulilimezaje?

Nilirudi nyumbani na sufuria kichwani. Sikukubali iyeyushwe. Nilianza uji siku hiyo hiyo, muhogo na maji, moto mdogo, na jirani yako akaniuliza kama nimepata vidonda vya tumbo. Mwanzoni ilivuja mpaka nikaona nazima moto kwa uji. Niliendelea. Baada ya wiki kadhaa mng'ao ukafifia, ukaja ukijivu, kisha rangi ya moshi. Tone likawa linakawia. Nilikuwa narudi kutoka shuleni nachungulia ndani hata kabla sijavua viatu, kama mtu aliyeacha mgonjwa. Darasani nilipofika tena kwenye somo la utando, niliwapa watoto zoezi la kuandika nikatoka nje.

Alhamisi iliyopita Rajabu akafika. Amekonda, Mama, na ameanza mvi kando ya masikio, Papa mtupu. Hakuingia ndani kwanza. Alikwenda makaburini na vumbi lake lote. Ijumaa baada ya swala nikambandikia makayabo. Samaki nilimloweka kwenye beseni, maji mara tatu, mbele yako ningeapa. Kitunguu, nyanya kidogo tu, mafuta ya mawese. Nilimwalika Tonton Shabani pia. Rajabu alikaa kwenye kigoda hiki karibu na mbabula, akavuta harufu, akafumba macho. Kwa muda kidogo nilifurahi kabisa. Nilifurahi kama zamani.

Tss.

Tone moja tu. Kisha jingine. Rajabu akafumbua macho, akaipua sufuria kwa vitambaa, akamimina chakula kwenye bakuli, akaielekeza sufuria kwenye mwanga wa mlango. Aliona ukijivu mahali palipokuwa na weusi. Aliona vishimo. Aliliona tundu.

"Yaya. Ulifanya nini?"

"Niliisugua," nikasema. "Siku ya arobaini. Na nikalowekea chumvi."

"Wewe? Mwalimu wa chimie?" Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Papa alisema hata moja haijarudi. Hata moja! Kazi ya Papa haivuji. Ile ilikaa miaka yote, Mama alichunga, wewe mwaka moja haujaisha umeitoboa. Nilikosa kumuzika, yaya, nikasema basi nitakula mu marmite yake. Na wewe umemuzika mara ya pili."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, Mama. Nakuambia ukweli, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilitaka kumwambia, tundu hilo alilimimina Papa wako mwenyewe, mimi nimelifungua tu. Nilitaka kumwona uso ukimshuka. Nilikuwa na hasira na huzuni kwa pamoja, na sikuweza kuzitenganisha.

Tonton Shabani akaweka chini tonge lake. Akakohoa. "Rajabu," alianza, "sikia, mwana, ile marmite..."

"Tonton, kula," nikamkata. "Chakula itapoa."

Akanigeuzia macho yake yaliyofifia. Kisha akachukua tonge lake akala. Alipoondoka alinishika mkono akaubana kuliko kawaida yake.

Rajabu alikula matonge matatu, akanawa. Wala hakugonga sufuria kwa kijiko kama Papa, jambo ambalo amelifanya tangu utoto na ambalo lilikuwa likinikera, nami sasa nalitamani. Mwanaume huyo ana Papa mmoja tu moyoni, yule ambaye kazi yake haikuwahi kurudi. Huko porini Bafwasende, kwenye tope na watu wasiomjua, hicho ndicho anachokishikilia. Ningemnyang'anya nimpe nini badala yake?

Niliposikia maji uani nilichungulia. Alikuwa anaiosha sufuria yako mwenyewe, amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa. Aliosha nje tu, Mama. Ndani alimwagia maji ya baridi, akamwaga, akaigeuza ikauke. Kwa hiyo hata yeye ulimfundisha. Nilitaka kwenda kumkumbatia, lakini nilibaki nyuma ya mlango. Jana asubuhi nikasikia pikipiki ikiwaka.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Mahali pako sokoni amekaa binti mmoja anauza mikate ya kukaanga, ni mpole, nilimwonyesha upande ambao mvua haipigi. Mlango wako bado unalia, sijautia mafuta kwa sababu nikiusikia nadhani ni wewe umeingia. Wanafunzi wangu wamefaulu vizuri. Nakukosa zaidi wakati wa kupakua, maana bado natoa sahani moja ya ziada, kisha narudishia chakula kwenye sufuria nikijifanya sijafanya hivyo.

Shangazi amepeleka salamu, anauliza kama sufuria bado inang'aa. Nimemjibu kwamba inapikiwa.

Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiandika, na wakati naandika nimejibiwa nusu. Kulimeza si mara moja. Unalimeza Ijumaa, na Jumamosi liko tena mdomoni, unalimeza tena. Mimi nina siku mbili tu. Wewe ulikaa nalo mpaka Papa akafa, na ukaendelea nalo baada ya kufa kwake, ambapo hakuna ambaye angekulaumu. Na ulipika humo kila siku, ukatulisha sisi sote kutoka humo. Laiti ningejua nilichokuwa nakifunika wageni wakija.

Basi, Mama, pumzika. Mungu akuongezee nuru mahali ulipo. Nakuahidi haya: samaki atalowekwa kwenye beseni. Uji nitaupika leo, na kesho, na siku zote zitakazohitajika, na ndani hautaingia mkono wa mtu wenye mchanga, hata akija shangazi na Kindu yake yote. Rajabu akirudi nitambandikia tena makayabo. Akinilaumu nitamwacha anilaumu, mpaka achoke, yeye ni mdogo wangu. Tonton ameniapia tena bila mimi kumwomba. Tumebaki wawili tunaojua, na siku zetu zikifika tutaondoka nalo.

Papa akikuuliza huko habari za nyumbani, mwambie sufuria zake zote ziko salama. Mwambie hata moja haijarudi.

Mwanao,
Mwamini